Kisa Kimetangulia Kitabu, na Mimi Nataka Kuoa

Mpendwa mshauri Bi Mwanatumu, naomba msaada wako, na nakusihi kwanza usicheke, maana kila niliyemweleza jambo hili hapa Kibokoni amecheka mpaka akashika mbavu, na anayekosa usingizi ni mimi.

Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo Kilindini, na baada ya kazi huandika visa katika jarida moja la kila mwezi. Rafiki yangu Badawi, mwalimu wa hesabu, ametunga mchezo ambao haujapata kuonekana Mombasa: watu hukaa barazani, kila mmoja akajifanya mtu mwingine, huyu nahodha, huyu mganga, huyu mwizi wa kuku, na mmoja wao akawa msimulizi wa kuwaambia wamefika wapi na wamekutana na nini, na wakitaka kufanya jambo gumu, kama kuruka ukuta au kumdanganya jini, hurusha dadu. Badawi akasema ataandika kitabu cha sheria za mchezo, nami niandike kisa cha kuchezwa kitoke katika jarida mwezi uleule, ili mwenye kununua kitabu awe na la kucheza, na mwenye kusoma kisa atamani kitabu. Tukakubaliana vyote vitoke Mfunguo Mosi, watu wakiwa bado na furaha ya Idi.

Basi Bi Mwanatumu, kisa changu kilitoka kwa wakati wake, lakini kitabu hakikutoka, kwa sababu kila Badawi alipokwenda kwa mpiga chapa alibadilisha sheria moja, na kila alipobadilisha moja herufi zikapangwa upya, na huku nyuma kisa changu kiko mikononi mwa watu, kimejaa maneno kama “hapa fanyeni kama ilivyoelezwa katika ukurasa wa kumi na mbili,” na ukurasa wa kumi na mbili wenyewe haujazaliwa. Nilidhani watu wangengoja. Hawakungoja. Kila baraza ilijitungia ukurasa wake: hapa Kibokoni wakasema maana yake mchezaji asimame aimbe, makuli wa Shimanzi wakasema ni kumbeba mwenzako mgongoni mpaka mwisho wa gudauni la mizigo na kurudi, na kina mama, wakiongozwa na Bi Mejumaa, mamake Badawi, wakaamua kwamba atakayerusha sita ni Sultani, na wengine watampikia kahawa mpaka apinduliwe. Bi Mejumaa akarusha sita. Hajapinduliwa mpaka leo.

Kitabu kilipotoka, kumbe ukurasa wa kumi na mbili unaeleza punda mmoja anaweza kubeba magunia mangapi! Watu walikasirika, wakakirudisha dukani wakisema kina makosa. Badawi akaenda barazani kwa mamake kusahihisha mambo, akasema, “Mama, katika mchezo huu hakuna Sultani,” naye akamjibu, “Mwanangu, vua viatu ukae hapa, nikufundishe.” Akakaa. Mtu aliyeutunga mchezo akafundishwa mchezo wake, na kahawa akapika yeye, na tangu siku hiyo hanitazami vizuri.

Sasa anaandika kitabu cha pili, cha majini wa baharini, na anataka kisa changu kitoke siku moja na kitabu, si mbele si nyuma. Mhariri wa jarida, Bwana Oloo, anataka kisa wiki hii, maana kupanga kurasa ni kazi, na nikichelewa nafasi yangu atawapa nyuki, kwani ana makala marefu ya ufugaji wa nyuki yanayongoja nafasi. Nikaenda kwa Badawi kumwuliza sheria za majini, akaniambia bado hajaamua kama jini ana uzito. Nikamwambia, “Sheikh, bila kujua uzito wa jini siwezi kuandika, kwani wanapanda mashua sura ya kwanza.” Akasema, “Ngoja.” Nikamwambia kwamba Bwana Oloo hangoji. Hapo akanikazia macho, akasema, “Kisa kikitangulia kitabu mara ya pili, mimi kwa kadhi siendi.”

Bi Mwanatumu, maneno hayo yamenichoma kwa sababu nimemposa dada yake, Mahfudha, na baba yao ni marehemu, Badawi ndiye walii wake wa kumwoza. Nikimpa Oloo kisa nimekosa mke, nisipompa nimekosa jarida, na hao nyuki wakishaingia hawatoki tena. Nilimweleza Mahfudha, mimi niko njiani yeye yuko dirishani, akasema, “Rudi ukamwulize kakangu alikuwa na maana gani,” lakini naogopa, na siku hizi nikienda kazini hupita njia ya nyuma nisionane naye. Nimeshaandika kisa mara mbili, mara moja jini mzito na mara moja jini mwepesi, na katika kile cha jini mzito mashua inazama na wote wanakufa kabla msomaji hajageuza ukurasa. Nifanye nini?

Kamaludin, Kibokoni

*

Kamaludin mwanangu,

Wenzako wanaoniandikia hujiita Mwenye Huzuni, au Msomaji Wenu Mwaminifu. Wewe umetia jina lako na mtaa wako, basi mji mzima umeshakujua na mimi sina la kuficha.

Pole. Nasema kwa moyo, kwa sababu kazi yako imechezewa vibaya na kosa halikuwa lako peke yako. Lakini barua yako nimeisoma kwa makini, na jina la binti wa watu nimelikuta baada ya dadu, punda na nyuki. Ungekuwa wewe ndiye Mahfudha, ungefikiri nini?

Tuanze na kisa. Usiandike kisa cha sheria ambazo mwenyewe mwenye sheria hazijui. Nenda kwa Bwana Oloo leo, umwambie kisa cha majini kitatoka mwezi mmoja baada ya kitabu, wala si siku moja. Watu wapewe nafasi ya kuzisoma sheria na kugombana juu yake, ndipo uwaletee cha kucheza. Mwezi huu mpe kisa kingine cha kitabu kile cha kwanza, ambacho najua kimejaa dukani, na kila sheria unayoihitaji iandike humohumo ndani ya kisa. Usimtume mtu kwenye ukurasa wowote tena! Na Usultani wa Bi Mejumaa msiuguse. Hao kina mama ndio wanaoucheza mchezo wenu kila siku. Badawi aitie sheria yao katika kitabu chake na awashukuru.

Sasa arusi. Mtu mzima mwenye kazi yake, unapita njia ya nyuma kumkwepa shemeji? Nimeona aibu kwa niaba yako, nikavaa buibui langu nikaenda mwenyewe. Nilimkuta Badawi barazani, amemweka paka kwenye mizani, ati anakisia uzito wa jini.

Nikamwuliza, “Lile neno la kadhi ulilomwambia Kamaludin, ulilikusudia?”

“Neno gani?” akasema.

Nikamkumbusha. Akacheka mpaka paka akaruka akakimbia. “Bi Mwanatumu, ule ulikuwa mzaha! Mimi namngoja yeye alete wazee tuweke siku. Mahfudha ameshashona nguo, mama ananiuliza kila asubuhi, na mimi nikadhani bwana huyu ameghairi, maana siku hizi hata mlangoni hapiti.”

Kabla sijamjibu, sauti ya mwanamke ikatoka ndani: “Mwambie Ijumaa!”

Haikuwa sauti ya Bi Mejumaa.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Leo ukitoka kazini pita njia ya mbele, usimame, usalimie, uonekane. Kesho peleka wazee. Kanzu yako ipigwe pasi mapema, na mbele ya kadhi usitaje jini wa aina yoyote mpaka amalize. Gazeti hili hutoka Jumatatu, mwanangu. Ijumaa haiko mbali, na bibi arusi amekwisha kusema.