Kizuia Wanga

Mtaa wa Tena, Nairobi
Alhamisi

Kwako dada mpendwa Khavere,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai wewe, shemeji na watoto mu wazima, na kwamba mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi nipo, ingawa si mzima. Usiushangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia una plasta. Simu yangu, mume wangu Shiundu aliiponda ukutani, ndiyo maana barua hii unaletewa na Kageha, mwenzangu wa kanisani.

Unajua miaka sita ya ndoa yetu haijaleta mtoto. Hujui kwamba mume wangu aliacha kuniita Muhonja, akaanza kuniita Tangi kwa kunenepa, hata mbele ya wageni. Wakicheka, nami nilicheka huku moyo unachemka. Basi jirani yangu Wakiuru, ambaye hununua vidonge vya kupunguza mwili kule Eastleigh na kuviuza hapa, akaniletea kopo. Alinieleza kwamba ukimeza kimoja kabla ya kula, wanga wote wa ugali na chapati unapita tu bila kukaa mwilini. Juu ya kopo alibandika karatasi yake mwenyewe, kwa kalamu nene: KIZUIA WANGA. MEZA KILA SIKU. Nilimeza wiki tatu. Nilipata gesi tu, na sketi zikazidi kunibana.

Jumamosi mchana nilikuwa nasonga ugali, Shiundu akatafuta kiberiti kabatini, akalikuta kopo. Kumbuka, dada, kwao ni Mumias, kabila lao ni Wanga. Alisoma ile karatasi, akaniuliza, "Kumbe ni sisi Wanga umekuwa ukizuia tusizaliwe?"

Kilichofuata ni mwiko. Aliuchomoa sufuriani na ugali wake wa moto, akanicharaza mgongoni hadi ukakatika. Akaniangusha, akaukanyaga mkono wangu kwa buti la kazi, nikasikia mfupa ukilia. Nilipoinuka nilishika sufuria kwa mkono uliobaki, nikammwagia ugali usoni. Ulimganda, dada. Alijaribu kuubandua, ngozi ikaja nao. Mayowe yake yaliwaita wapangaji wa ploti nzima. Sasa yuko wodini, na jicho moja hawajui kama litaona.

Watu wote hapa wananihurumia, wanasema alinivamia bila hata kuniuliza. Si kweli, na wewe siwezi kukuficha. Aliniuliza, kisha akasimama akingoja nimjibu. Ningesema tu kwamba wanga ni ule wa ugali, angecheka. Lakini nilikumbuka Tangi. Nikamkazia macho nikamwambia, "Eeh, sitaki wanga tumboni mwangu." Nilijua atasikia nini. Nilitaka neno hilo limuume. Hilo halimpi ruhusa ya kunivunja, lakini nililisema, na sasa linaniuma mimi.

Kwa maana hospitalini, kabla ya kunipiga picha ya mkono, walinipima. Sikuwa nimenenepa, Khavere. Nina mimba ya miezi mitatu, na pamoja na kipigo chote kile, imeshika. Shiundu hajui. Mwanga, mtoto wa Wanga, yumo tumboni mwangu, na kwa baba yake sitarudi.

Njoo unichukue Jumapili. Mama msalimie sana, lakini habari hii niachie nimwambie kwa mdomo wangu. Vidonge nimevimwaga chooni. Kageha ananisongea ugali kila jioni, nami naumaliza wote.

Ni mimi mdogo wako,
Muhonja