Aliyeziba Shimo la Getini

Sombetini, Arusha

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tunduma, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo, na Bibi anakusalimu sana. Nimeandika kwa sababu ukipiga simu unapiga kwa baba mdogo Shamsudin, naye hukaa hapo hapo akisikiliza.

Baba, simu ikiwa kwenye spika, nilisikia ulivyompongeza kwa kuziba shimo la getini. Nilikuwa naosha vyombo, nikashindwa kumaliza. Hakuziba yeye. Nimeziba mimi.

Tangu masika Bibi alikuwa hatoki, maana gurudumu la kiti chake lilikuwa linazama kwenye lami iliyobomoka. Nilipoomba tutengeneze, baba mdogo alisema lami si kazi ya wasichana, tumsubiri kaka Sefu afunge chuo. Bibi akamuuliza kama yeye naye yuko chuo.

Nikaanza na mdogo wangu Zakia. Tulijaza lami ya baridi, ile ya mfuko isiyochemshwa, asubuhi ya ukungu, shimo likiwa bado na maji. Ikang'olewa yote na magurudumu ya magari. Baba mdogo akacheka mbele ya majirani: "Najat, hii ni lami au ugali ulioungua?" Sikulia. Tulichimbua upya, tukakata kingo, tukafagia, tukaacha jua lipige mpaka pakakauka. Chini tukaweka kokoto, juu lami kidogo kidogo, tukishindilia kwa chuma cha mazoezi cha Sefu, kile cha makopo ya saruji. Malengelenge bado ninayo.

Siku ya Idi wageni walimsifu baba mdogo, naye akajibu kwamba ni kazi ndogo tu. Alipomsukuma Bibi kwenda kwa jirani Bi Mwanahalima, Bibi akavuta breki juu ya kiraka, akasema hasogei mpaka aje fundi wake. Wageni wote wakasimama na kanzu zao wakimsubiri fundi. Nikaitwa kutoka jikoni, unga mikononi.

Kuna jambo hujaambiwa. Si mvua iliyobomoa. Baba mdogo aliruhusu lori la tofali zake ligeuzie pale, na jana nilimsikia akiliita tena kwa simu. Nimepanga mawe makubwa getini, nikaacha nafasi ya kiti cha Bibi tu. Ameniamuru niyatoe. Sijayatoa. Tafadhali, mpigie.

Wasalimie wenzako wote. Ukirudi, pita katikati ya mawe, ukanyage kiraka kwa nguvu.

Mwanao mtiifu, isipokuwa kwa hayo mawe,

Najat