Mrenda Ndani ya Wali, na Miriam Anakuja Ijumaa

Mpendwa mshauri Mama Derrick, naomba msaada na tafadhali usinicheke hewani kabla hujamaliza kusoma. Mimi ni Hezron, dereva wa familia moja hapa Riyadh, nakaa Manfuha chumba kimoja na Laban na Josphat, na shida yangu ni Miriam. Miriam ni mpenzi wangu, anafanya kazi ya nyumba kule Jeddah, na sasa madam wake ana harusi ya dadake huku na amekuja naye, amepewa ruhusa Ijumaa mchana tukutane bustanini na wenzetu, na juzi kwa simu nikamwambia bila kuzunguka kwamba nataka tuoane tukirudi nyumbani. Akasema, "Hezron, mimi hapa napikia watu tangu alfajiri. Sitaki kutoka kwa jiko la madam niingie kwa jiko lako. Ijumaa nipikie wewe. Na usinunue nyama, nyama hata mlevi anachoma. Chukua mchele na mboga zenye zimebaki, nione." Akasema jibu nitalipata nikishapakua.

Mama, mimi nimelelewa Kakamega na nyumbani jikoni nilikuwa naingia kuuliza tu kama kumeiva. Nikaona nifanye majaribio. Kwa yule Mmisri anayeuza mboga hapa kona kuna mulukhiya, na sisi watu wa Magharibi ya Kenya tulipoiona tulijua ni mrenda wetu, ile mboga ya kuteleza, tukafurahi karibu tulie, na Jumatatu tulikuwa tumeila na ugali ikabaki, pamoja na kabichi na karoti kidogo, kwa hivyo nikaweka zote kwa sufuria na mchele mbichi na maji, nikafunika, nikaenda kunyolewa. Kurudi, Laban akainua kijiko mpaka kwa bega na wali bado ulikuwa unamfuata. Josphat akasema tuupeleke tukabandikie mabango. Wakala mkate na chai, na sufuria bado imelowekwa. Sasa wao wanasema ninunue kabsa, ule wali wa Kiarabu wa hotelini, nitoe nyama, nichanganye na karoti, nimwambie nimepika. Nampenda huyu msichana mpaka simu yake ikilia naacha kula. Nidanganye ama nipike?

Hezron, Manfuha.

*

Hezron, nimejaribu kutocheka nikashindwa, na fundi wetu wa mitambo bado ameinamia meza. Pole. Wewe hukupika wali, ulipika gundi.

Tuanze na hao washauri wako wawili. Miriam anapika kabsa kwa hiyo nyumba kila wiki. Ataonja zile ndimu kavu wanazotia humo kwa kijiko cha kwanza na atakuuliza ulinunua wapi, na wewe hujui hata zinafananaje. Utaanza kugugumia. Halas, harusi imeisha kabla haijaanza. Na hata usiposhikwa, utaendelea kumdanganya mpaka lini? Waambie Laban na Josphat wakae mbali na mapenzi yako, lakini waache waoshe hiyo sufuria.

Sasa sikiliza, na uzime simu. Mrenda hauingii ndani ya wali, si Kakamega, si Riyadh. Ni mzuri kwa sababu unateleza, na wali ni mzuri kwa sababu hautelezi. Umewafungisha ndoa watu wasiopatana. Kosa la pili, mboga ilikuwa imeshaiva. Kwa nini unaichemsha tena kama unaiadhibu?

Osha mchele mpaka maji yatoke safi, uloweke kidogo. Chemsha peke yake na chumvi, maji yapite mchele kwa pingili moja ya kidole, moto mdogo, na usifunuefunue kama unatafuta kitu kimepotea. Ukikauka, uache upumue. Kwa sufuria nyingine kaanga kitunguu mpaka kiwe rangi ya chai, weka saumu, binzari, nyanya moja, uache nyanya ivunjike. Hapo ndipo kabichi na karoti za jana zinaingia, zimetoka kwa friji na umezinusa kwanza, zipate moto kabisa. Mwisho mimina wali, ugeuze polepole na uma, uzime. Dhania juu. Fanya hivyo Alhamisi uwape hao wenzako, na wakikataa kula, nipigie. Ijumaa usiende kunyolewa ukiwa na kitu jikoni. Nywele zako hazijaombwa na mtu.

Funga sufuria na taulo isipoe njiani, na mkifika bustanini, tandika, mketishe, mpakulie yeye kwanza mbele ya watu wote. Najua wanaume wa kwenu, mtasema ni aibu. Nyamaza upakue. Atainuka kushika mwiko, kwa sababu mikono yake imezoea hivyo. Mwambie akae. Sikuahidi kwamba atakubali kuolewa na wewe, na wali wako huenda ukawa wa kawaida tu. Lakini mimi nilifanya kazi hiyo ya nyumba Jeddah, na najua dada wa kazi hula wa mwisho, amesimama kando ya sinki, kile wengine wameacha na kimeshapoa. Kwa hivyo akiinuka tena, mwambie tena akae, Hezron, na asubiriwe na kila mtu, ale chakula kikiwa moto.