Redio Mpya, Viti Viwili vya Mbele

Jumatatu, 26 Agosti 1974
Nimekwenda Mkunya tena, kupima viwanja vya kijiji kipya. Watu wananiamkia, kisha wanaingia ndani. Mimi ndiye bwana shamba anayewahamisha. Mtu wa Bukoba, wanasema, hana mkorosho wa kuuacha. Kweli.

Redio ya gari imekatika njiani. Ni ileile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, haijawahi kuwa nzima. Nimeipiga kofi. Imekoroma, ikafa. Tangu mke wangu afariki, ndiyo sauti pekee ninayorudi nayo nyumbani. Ukungu. Baridi. Nimelala bila kula.

Alhamisi, 29 Agosti
Nimekwenda Masasi na kurudi. Fundi wa redio ameifungua, akaifunga. Haifai tena. Nimenunua nyingine dukani, ya aina tofauti. Wa kuifunga garini hayupo. Mwenye duka kanielekeza kwa Anjelo, mkimbizi wa Msumbiji anayetengeneza magari hapa Newala. Nimempita mara nyingi barabarani. Sijawahi kumsalimu.

Jumamosi, 31 Agosti
Anjelo amekuja. Tundu la dashibodi lilikuwa dogo, amelipiga tupa mpaka redio ikaingia. Waya za zamani zimeungua, kavuta mpya. Ikaimba. Machozi yakanitoka, nikaona aibu. Akajifanya hajaona. Akafuta mikono, akauliza, "Taarifa ya habari inashika?"

Ana mama ng'ambo ya Ruvuma. Hajamwona tangu vita vianze.

Amekula kwangu. Ugali wa muhogo na kisamvu. Nimepika vibaya. Kamaliza.

Jumatano, 4 Septemba
Anakuja kila jioni. Tunakaa viti vya mbele, tunasikiliza. Hatuongei sana.

Leo mzee mmoja Mkunya alinigeuzia mgongo mbele ya watu. Nimemsimulia Anjelo. Akasema, "Hata mimi nilihamishwa, Baba Adela. Ila wewe unapiga hodi; wao hawakupiga."

Baba Adela. Binti yangu Adela yuko shuleni Bukoba. Huku hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Jumapili, 8 Septemba
Imetangazwa. Wakoloni na wapigania uhuru wametiliana saini. Vita vya Msumbiji basi.

Anjelo aliegemeza paji la uso kwenye dashibodi. "Mama atakuwa amezeeka," akasema. Mji mzima vigelegele. Mimi sikufurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Nimeogopa.

Alhamisi, 12 Septemba
Anaondoka kesho. Nimemwambia asubiri, njia bado zina mabomu. Zinayo kweli, lakini sikusema kwa ajili hiyo. Nadhani ameelewa. "Nimesubiri vya kutosha, Baba Adela."

Nina hasira. Sijui na nani.

Ijumaa, 13 Septemba
Sikwenda kazini. Nimemteremsha mlimani mpaka gari likashindwa. Wenzake walikuwa wanamngoja, mizigo kichwani. Nimempa blanketi langu. Nikamwambia akimkuta mama anisalimie.

"Nimwambie ni salamu za nani?"

Akajibu mwenyewe, "Ndugu yangu wa Newala." Akaenda. Hakugeuka, na nilisimama pale muda mrefu.

Jumapili, 15 Septemba
Nimefua. Nimesafisha gari. Jioni nimekaa garini, nimesikiliza taarifa ya habari. Wametaja ng'ambo, watu wameanza kurudi makwao. Nikageukia kushoto, kwenye kiti cha Anjelo, nimwambie kitu.

Nikasikiliza hadi mwisho. Kisha nikapandisha kioo cha upande wake.