Nafasi Tupu Mwishoni mwa Injili

Jumatatu, 3 Juni

Mjukuu wangu Msomi ameivamia meza yangu tena. Meza ya marehemu babu yake, niliyoipiga msasa kwa mikono hii. Sasa imejaa kompyuta, rula na picha za ngozi kuukuu. Eti ni kurasa za injili, ziliandikwa kwa mkono karne na karne zilizopita. Nikamwambia mimi naona ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa mvuani. Akacheka. Bibi, anasema, hujakosea sana.

Kazi gani hii? Anaweka nakala moja hapa, nyingine pale, anafuata herufi moja moja kwa rula kama mtu anayechagua mchele. Akikuta tofauti anaandika pembeni. Kutwa nzima mistari mitatu. Mimi kwa muda huo nimefua, nimeanika, nimeanua, nimegombana na muuza mkaa na tumepatana.

Nikamuuliza, hao waandishi walikuwa wanakosea? Anasema ndiyo, walikuwa watu. Jicho linaruka mstari, mkono unachoka, mwingine anajiona ana akili kuliko mwenzake anaongeza lake. Hilo la mwisho nimelielewa. Watu hao ninao kanisani.

Nimemlea mimi tangu ana miaka miwili. Miguu ilikuwa kama njiti. Leo chuo kikuu wanamsubiri amalize tasnifu. Nafurahi. Sijamwambia, atavimba kichwa.

Jumatano, 5 Juni

Nimeuliza lisilonihusu na sasa moyo hautulii.

Nilimuuliza anatafuta nini hasa. Akafunga kompyuta, akanikalisha. Anachunguza mwisho wa injili ile fupi kuliko zote nne. Nakala kongwe kabisa, anasema, zinaishia kwa wale wanawake. Wanafika kaburini, wanakuta wazi, wanaambiwa nendeni mkaseme. Wanakimbia. Hawamwambii mtu. Waliogopa. Basi, mwisho. Yanayofuata kwenye Biblia yangu yaliongezwa baadaye na mkono mwingine, wasomi wengi wanakubaliana.

Nikasema, haiwezekani. Nani anaacha hadithi hapo? Hata mimi wa darasa la nne siwezi. Labda huyo mwandishi aliitwa mlangoni. Labda maziwa yalikuwa yanafurika jikoni.

Alicheka mpaka akavua miwani. Anasema wapo maprofesa walioandika kurasa mia kusema jambo hilohilo, ila hawakuweka maziwa.

Kisha akanionyesha picha moja. Mnakili mmoja wa zamani alipofika hapo kwa wanawake aliacha nafasi tupu. Ngozi ilikuwa ghali, hawakuwa wakiichezea, lakini huyu kaacha nafasi. Kama anajua kuna maneno mahali na yeye hana. Kama kiti unachomwekea mgeni aliyechelewa.

Mimi sikucheka tena. Maana aya ya kuwawekea wagonjwa mikono imo humohumo, kwenye hayo ya nyongeza. Ndiyo aya ya kikundi chetu cha akina mama. Nimeidarizi kwenye vitambaa vya viti vyote vya ofisi ya kanisa, uzi mwekundu na kijani, mpaka vidole vikaota sugu. Nimewawekea mikono wangapi kwa aya ile? Wengine walipona.

Nikamuuliza, kwa hiyo ni uongo? Akasema hapana Bibi, sijasema uongo, nimesema iliandikwa baadaye. Ni mambo mawili.

Kwake ni mawili. Kwangu leo ni moja.

Alhamisi, 6 Juni

Maombi ya akina mama, kama kawaida chumba cha nyuma ya kanisa. Ulipofika wakati wa mahitaji kila mtu akatoa lake. Mmoja mguu wa mumewe, mmoja mwanawe hapigi simu. Ilipofika zamu yangu nikasema, mniombee mjukuu wangu, masomo yake yamemfikisha mahali pagumu, amekuta mwisho wa injili una maneno ambayo hayakuwepo, nami naogopa imani yake isije ikatikisika.

Hivyo tu. Nilisema kwa wema. Imani iliyotikisika ilikuwa yangu, lakini mimi kiongozi wa kikundi nitasemaje hivyo mbele ya watu? Nikamtwika mtoto.

Mama Redio, jina alilopewa na mtaa kwa kusambaza habari, aliomba kwa machozi kuliko wote. Alinishika mkono mlangoni — dada yangu, hili nitalibeba.

Atalibeba. Ndicho ninachoogopa.

Jumapili, 9 Juni

Amelibeba mtaa mzima.

Baada ya ibada muuza mitumba kaniuliza kama kweli Msomi amechana Biblia. Mke wa fundi saa kasikia kwamba anaandika injili yake mwenyewe, na wazungu watampeleka ng'ambo. Kijana wa vinanda kaniamkia akitazama viatu vyake. Na ombi langu lilikuwa sentensi moja! Mdomo uliponza kichwa, ila hapa mdomo ni wangu na kichwa ni cha mtoto.

Nikamfuata Mama Redio. Umesema nini wewe? Ah, mimi? Mimi nimewashirikisha ndugu wachache wa maombi. Huwezi kuomba jambo usilolijua, dada. Nikamwambia siku ukifa ulimi wako utazikwa kaburi la peke yake, maana utakuwa bado unaongea. Wenzake wakacheka. Haikunisaidia.

Msomi hajui lilikotoka. Nyumbani alikuwa anaosha vyombo, akasema, Bibi, watu wameniangalia vibaya leo, au nilivaa sketi kinyume? Nikasema sketi iko sawa.

Nimesema hilo tu.

Jumanne, 11 Juni

Mchungaji amekuja. Hajaja peke yake, amekuja na Kinyozi, mzee wa kanisa mwenye duka la kunyoa karibu na kituo, yule anayekohoa kabla ya kila sentensi ili dunia inyamaze. Nilipowaona wawili nikajua si kutembelewa. Kutembelewa anakuja mmoja na anakunywa chai.

Mchungaji ni mtu mpole, ana uso wa mtu ambaye hajalala. Anasema watu wana wasiwasi, wazazi wanauliza, Msomi anafundisha darasa la vijana na vijana wanabeba maneno nyumbani. Baraza litakaa. Msomi akasema, Mchungaji, haya ninayosoma hata wewe ulifundishwa chuoni. Mchungaji akatazama kikombe. Akasema, yapo ya chuoni na yapo ya madhabahuni, binti yangu.

Kinyozi akakohoa. Kikulacho ki nguoni mwako, anasema. Nikamwambia mzee, humu ndani hakuna chawa. Akasema amesikia kwa vinywa vinavyoaminika. Kinywa chenyewe kilikuwa kimekaa mbele yake kinammiminia chai.

Kosa likithibitika, wanasema, anatolewa darasani na kutengwa na Meza ya Bwana.

Walipoondoka Msomi alisimama dirishani. Wakinitenga, Bibi, nitahama. Siwezi kukaa nje ya kanisa nililobatizwa nikisikiliza wimbo kupitia dirisha. Kasema polepole, kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi. Bora angelia.

Alhamisi, 13 Juni

Kikao cha kwanza, bila yeye. Mimi ni mjumbe kwa kiti cha akina mama. Nilivaa vizuri. Njiani nilikuwa na hotuba nzima kichwani.

Ofisi ina joto, dirisha limekwama tangu mwaka juzi. Wazee wamekaa kwenye viti vyangu, yaani vitambaa vyangu, wameegemeza migongo kwenye aya ileile. Kinyozi akasoma mashtaka. Kuchana kurasa. Kuwafundisha vijana kwamba Bwana hakufufuka. Sijawahi kusikia mtoto akisema hivyo! Kaburi liko wazi kwenye kila nakala aliyonionyesha, kongwe na mpya. Mchungaji akauliza, ni nani alisikia kwa masikio yake? Hakuna aliyeinua mkono. Kinyozi akasema habari zilianzia kwenye maombi ya akina mama, na maombi hayasemi uongo.

Wote wakanigeukia. Mchungaji akaniuliza kwa upole, Mama, wewe uko naye nyumbani na uko nao kwenye maombi. Unasemaje?

Miaka yote nawagombeza wanawake wa kanisa hili — semeni, msikae kama magunia ya viazi! Na mimi nikaona nyuso zile, nikaona kiti changu, nikaona siku nitakayopita sokoni wakininong'ona, ndiye huyo, alimuuza mjukuu wake kwa sala.

Nikasema, sina la kusema.

Kinyozi akaandika.

Ijumaa, 14 Juni

Sikula. Nimejichoma sindano mara mbili. Nimemgombeza Msomi kwa kuacha taa ya bafuni ikiwaka. Niliiacha mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Nilitaka kumwambia asubuhi. Nikaenda kununua sabuni. Nilitaka kumwambia mchana. Nikapanga kabati.

Jioni kaniita mwenyewe. Njoo uone, Bibi. Nikadhani ameanza kufunga mizigo. Kumbe yuko mezani na rula yake. Kesho anaitwa mbele ya wazee na yeye anahesabu herufi. Nikamwambia wewe una kichaa. Akasema hiki ndicho kinanituliza. Wewe unafagia, mimi nalinganisha.

Ilikuwa picha ileile, ya nafasi tupu. Nikamwuliza jambo lililonisumbua wiki nzima. Hao wanawake, kama hawakumwambia mtu, huyu aliyeandika alijuaje?

Akaweka rula chini. Anasema, hilo ndilo swali, Bibi. Lazima kuna mmoja aliyesema. Si siku ile. Baadaye. Aliogopa, akanyamaza, halafu siku moja akafungua kinywa, ndiyo maana mimi na wewe tunajua kwamba walinyamaza.

Sijui kama alinisema mimi. Anajua nilikuwa kwenye kikao, anajua sikusema neno, Kinyozi hafichi kitu akiwa na wembe mkononi. Hajanilaumu. Ameniwekea sukari mbili kwenye chai kama ninavyopenda. Lakini lile la mwanzo, kwamba lilitoka kinywani mwangu, hilo hajui. Nilifungua mdomo. Nikamwambia chai ina sukari nyingi.

Akasema, mwandishi huyu ananifurahisha. Angeweza kuendelea kama wenzake watatu, akaweka mwisho mzuri. Ameacha wazi.

Ameacha wazi! Mimi ningempiga kofi. Mtu anawaachia wengine wahangaike miaka yote hiyo.

Jumapili, 16 Juni

Niko kwenye benchi nje ya ofisi. Naandika hapa kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure, na Mama Redio yuko ukumbini anajifanya anapanga maua.

Msomi ameingia. Amevaa gauni la bluu nililomshonea, nikamrekebisha kola kama mtoto wa shule, na yeye akaniacha nimrekebishe. Mchungaji kaniomba nisubiri nje kwanza, maana ni ndugu wa mshtakiwa. Mshtakiwa. Mtoto ambaye nilimfundisha kusali kabla hajajua kufunga vifungo.

Nasikia kupitia mlango. Kinyozi anakohoa. Anauliza, unakana au hukani kwamba umeondoa maneno? Msomi anajibu sijaondoa neno, mzee, nimeuliza liliingia lini. Kinyozi anasema hiyo ni lugha ya nyoka. Mzee mwingine anasema tumwache aeleze. Msomi anaeleza. Sauti yake haipandi. Anaeleza ngozi, wino, jicho linaloruka mstari. Anaeleza na ile nafasi tupu. Hakuna anayemkatiza, nikadhani wamemwelewa. Kisha Kinyozi, basi tueleze, kama wewe huna kosa, bibi yako aliomba tukuombee kwa sababu gani?

Mungu wangu.

Hakujibu. Sasa anajua. Amejua mbele yao, si kutoka kwangu, kutoka kwa Kinyozi. Nilikuwa na siku kumi nikanunua sabuni.

Sasa anaongea, chini sana. Anasema bibi yangu ananiombea kila siku, mzee, hata nikiwa na mafua. Ananikinga. Yeye ananikinga mimi.

Mama Redio amekuja kukaa karibu nami. Kaninong'oneza, usijali dada, hawatakutaja. Tukinyamaza litapita. Tukinyamaza — mimi na yeye, pamoja. Nimemwambia asogee, ananibania karatasi.

Viti vinaburuzwa. Mlango umefunguka. Kinyozi kachungulia, anasema Mama, ingia, tunapiga kura na kiti chako kinakusubiri. Nimemwambia angoje, naandika. Amekohoa. Nimemwambia na yeye akohoe vizuri amalize, kinyozi hajinyoi.

Kutoka hapa naona ndani. Kiti changu kiko kati ya wazee, na kitambaa changu chekundu na kijani. Upande wa pili wa meza Msomi amekaa, mikono magotini, hatazami mlango. Kando yake kuna kiti kingine cha mbao, kitupu, hakina kitambaa.

Herufi zinapinda. Naogopa. Nimesimama, naandika karatasi ikiwa ukutani, Kinyozi anasema Mama, kiti chako ni hiki, nami nimemwambia nakijua kiti changu, ni kile kisicho na kitambaa, sogea nipite