Wiski ya Machimboni

Nkende, Tarime
17 Agosti, 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mguu wako umepunguza kuuma. Sisi tupo, watoto wanakula ugali kana kwamba wanashindana, na Mogesi mume wangu anakusalimu. Nimempa Joram aikabidhi mkononi mwako. Usimpe mtu akusomee. Isome mwenyewe taratibu, kama unavyosoma Zaburi.

Najua ulipelekewa habari kwamba mwanao Matiko amelazwa kwa malaria. Mimi ndiye niliyesema uambiwe hivyo, maana niliogopa presha yako. Si malaria. Joram na wachimbaji wenzake walimleta hospitali Jumatatu akitapika na kulalamika kwamba kila kitu anakiona cheupe kama maziwa. Daktari akauliza amekunywa nini. Joram akajibu haraka kwamba ni wiski, na daktari akaandika wiski.

Mama, mnavyoishi huko Nyangoto unajua. Tangu dhahabu ipambe moto, hakuna mwanaume anayekubali kwamba anakunywa gongo. Gongo ni la wachunga ng'ombe. Aliyeokota dhahabu anakunywa wiski, hata kama imetoka kwenye pipa lako na kumiminwa kwenye chupa ulizookota nyuma ya baa. Uliniambia mteja hasahihishwi, nami nikacheka.

Lakini daktari si mteja. Nilipoona anafunika kalamu yake nilijua kwamba wakimtibu kwa jina hilo tutamzika. Nikasema si wiski, ni gongo, tena limeongezwa spiriti ya maseremala. Akaniuliza nina hakika gani. Nikamwambia nililiona dumu. Nililiona Pasaka, mama, nyuma ya jiwe lako la kusagia, ukaniambia ni ya kuwashia stovu.

Sasa sikia maajabu. Daktari alisema dawa yenyewe hospitali haina, ila pombe kali safi ya kiwandani, ikitolewa kwa kipimo chake, inaweza kuizuia ile sumu. Nikatafute wiski, wiski hasa. Nilikimbia mjini na kanga moja. Kila chupa niliyopewa niliikagua kizibo kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe wa mahari, kwa sababu niliogopa nisije nikauziwa ya kwako. Muuza duka akaniuliza harusi ni ya nani. Nililia mbele yake bila aibu.

Walimpa kidogo kidogo kwa mpira wa puani hadi kesho yake. Mungu ashukuriwe, hatutamzika.

Liko jambo moja sijakuambia. Daktari aliuliza gongo hilo limepikwa na nani, maana huenda wengine bado wanalinywa. Nilimwambia limepikwa na mama yangu. Sijutii, ingawa tangu nilitamke usingizi umenipaa. Bwana afya anakuja huko kesho kutwa. Kama atakuja na polisi sijui. Najua gongo ndilo lililotusomesha baada ya baba kufariki, na najua hukukusudia. Lakini ulijua umeweka nini humo. Mwaga lote leo, halafu nenda kwa kila uliyemuuzia umwambie alichokunywa, bila kukiremba jina. Wakikutukana, vumilia. Nitakuja Jumamosi nisimame na wewe, lolote litakalokuwa.

Nisalimie shangazi Ghati na majirani wote. Matiko anakusalimu sana. Nimekaa kitandani kwake ninapoandika, na ameniomba nikuambie kwamba macho yamerudi, anaona vizuri, usijilaumu. Hayajarudi, mama. Alama ya kidole hapo chini ni yake. Mkono nilimshika mimi.

Mwanao akupendaye,
Bhoke