Mbuzi Namba Nne na Mluzi wa Adeer

Jumanne, Waberi, baada ya magharibi.

Na vile nilivyompigia simu bosi wa maabara kwa kelele! Nikamwambia virusi tunavyovichunguza kwa mbuzi wetu wa majaribio vimefika kwenye ubongo, mbuzi namba nne ameanza kifafa, mawimbi ya ubongo yanaruka kwenye kompyuta kama ngamia aliyeshtuliwa na lori. Bosi akanipongeza.

Nilipotoka nikamkuta Adeer Hirsi, yaani Ami Hirsi kwa Kisomali, mzee anayetutunzia mifugo, ameegemea ua wa banda. Nikamwonyesha namba nne na nyaya zake kichwani. Akamtazama mbuzi, kisha akanitazama mimi kwa huruma zaidi.

"Daktari, hii si gonjwa. Hii nacheua."

Kumbe alikuwa amewapigia mbuzi mluzi wa kisimani, ule wa kunyweshea mifugo. Wakanywa, wakalala, wakaanza kucheua. Taya zinatembea, nyaya zinatikisika, kompyuta inasoma kifafa. Na mimi mtoto wa wafugaji!

"Gonjwa ni ile," akasema, akionyesha namba sita. "Tangu asubuhi nabiga mluzi, hata sikio hageuzi."

Mashine ilisema namba sita ni mzima, nami nikambishia mzee. Saa kumi namba sita akaanguka, miguu ikipiga hewa, mawimbi yakajaa kioo.

Nimemwandikia bosi ukweli: namba nne alikuwa anacheua, kifafa ni cha namba sita, na dalili zake zilionekana tangu asubuhi. Nilidhani nimekwisha. Amejibu kwa swali moja tu: zilionekana kwa kifaa gani?

Nitaandikaje kwamba kifaa hicho kina ndevu za hina, na kila siku saa nne asubuhi kinalalamika chai haina sukari?